Kuhusu Pointi Moja Mnayompa Mtu kwa Kukosa

Manassas, Virginia
Jumanne, baada ya zamu

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Mpira wa Australia,
Springfield.

Ndugu Mwenyekiti Cosmas,

Nakuita Ndugu kwa sababu Dunstan ameniambia kwamba kwenu Tanzania hilo ni neno la heshima. Kwetu Nyeri ningekuita Bwana, lakini baada ya uliyoyafanya nyuma ya nyumba yangu bado sijaamua kama unastahili. Natumaini wewe na mkeo Flaviana hamjambo, na kwamba goti lako linaendelea kupona. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaonisumbua.

Jina langu unalijua. Mimi ni Serah Mumbi, shangazi yake Shiku. Mimi ndiye mwanamke aliyefunuliwa.

Naandika kulalamika juu ya mchezo wenu. Najua ni wewe uliyeuleta huku kutoka Melbourne ulikokuwa ukisoma, ukawakusanya vijana wetu wa Kenya na Tanzania kila Jumamosi pale Springfield, ukawafundisha kukimbia na mpira wenye umbo la yai, kuupiga ngumi na kupandiana mabegani. Hayo sina ugomvi nayo. Vijana wanahitaji hewa. Ugomvi wangu uko kwenye jambo moja tu, nami nitalipanga kwa namba ili kamati yako isije ikasema haikuelewa.

1. Siku ya ruracio

Kwa faida ya wanakamati ambao hawakuwapo, nieleze. Shiku, mtoto wa kaka yangu marehemu, ameposwa na Dunstan, mchezaji wenu, yule anayepima udongo kwenye shamba la utafiti kule Beltsville. Ujumbe wake ulikuja kwangu kwa ruracio, yaani kuleta mahari na kukubaliana, wewe ukiwa mshenga. Katika desturi yetu, wanawake kadhaa hufunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni, bibi harusi akiwa katikati yao, kisha bwana harusi anaambiwa: haya, mtafute wako. Akimpata, vigelegele. Akikosa, anatozwa faini, anachekwa, anatahayari, mambo yanaendelea. Nimehudhuria ruracio nyingi na sijawahi kuona mtu akikosa halafu akashangilia.

Siku hiyo Jacqueline, jirani yangu Mkongo, alikwama kazini, nami nikaichukua nafasi yake chini ya leso ili mstari usipungue. Dunstan akapita mbele yetu, akarudi, akapita tena, ameshika kidevu kama mtu anayechagua tikiti maji. Kisha akasimama mbele yangu. Nikasikia anavuta pumzi. Akafunua.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nina miaka hamsini na minane. Shiku ana ishirini na saba. Shiku ni mrefu na mwembamba. Mimi, Mungu amenijalia. Hata leso ilikuwa imeshindwa kufika miguuni kwa sababu ya shughuli iliyokuwa nayo kiunoni.

Nilitegemea aone haya. Nilitegemea walau arudi nyuma hatua moja. Badala yake akasema, "Shikamoo, Shangazi," kwa adabu zote, kana kwamba tumekutana dukani. Kabla sijalitafuta jibu lake, maana sisi watu wa Nyeri hiyo marahaba bado inatukwama kooni, nikasikia kelele nyuma yake. Ni wewe. Ulikuwa umechomoa kibendera cheupe kutoka mfuko wa nyuma wa suruali. Sijui ni mshenga gani anayekwenda kwenye posa na bendera mfukoni. Ulikuwa unakipunga kwa nguvu zote, na vijana wako wamenyoosha kidole kimoja kimoja wakiimba, "Pointi moja! Pointi moja!" Hata Adela, dada yake Dunstan, yule binti mwenye haya aliyefika majuzi kutoka Moshi na ambaye hutembea ameinama kama anayetafuta sindano, hata yeye alikuwa na kidole juu.

Nikauliza ni pointi ya nini. Dunstan akanieleza huku anatabasamu: "Shangazi, kwenye mpira wetu kuna milingoti minne. Ukipitisha mpira kati ya ile miwili ya katikati ni bao, mwamuzi ananyoosha vidole viwili, unapata sita. Ukikosa kidogo ukapita pembeni, ananyoosha kidole kimoja na kupunga bendera moja, unapewa moja. Hata ukigonga mlingoti unapewa moja. Sasa mimi nimekosa kidogo tu. Wewe na Shiku si damu moja?"

Yaani mimi ni mlingoti.

Halafu Kiprotich, ambaye naambiwa ni mhasibu wa klabu, akasimama kwa heshima kubwa na kutoa hoja. Faini yetu ya kukosa ni blanketi. Yeye alisema kwamba kwa kuwa bwana harusi amepata moja kati ya sita, ni haki blanketi nalo lipunguzwe kwa sehemu ya sita. Akauliza kama tuna mkasi.

Hapo ndipo nilipoifunga shughuli. Chakula mlikula, kwa sababu sisi hatuwanyimi wageni, na nakumbuka vizuri ni nani aliyerudia mukimo, yale mahindi na viazi vyetu vya kupondwa. Lakini ruracio imesimama, na itasimama mpaka barua hii ijibiwe.

2. Ugonjwa umeenea

Ningenyamaza kama jambo hili lingeishia kwa Dunstan. Halikuishia. Shiku, niliyemfunza kuwahi, alikuja kwa chakula cha Jumapili wakati tunakusanya sahani. Nilipomkazia macho mimi Tata yake, yaani shangazi, akasema, "Tata, relax. Nilikuwa kwa driveway ya jirani natafuta parking. Hiyo ni one point." Ochieng anayeimba besi kanisani aliingia wimbo mapema kuliko sisi sote, akakatika, akanyoosha kidole. Mchungaji alidhani anaomba maombi maalumu, akamwombea. Na juzi Dunstan alikuwa ananipeleka Alexandria, tukafika pale Springfield barabara zote zinapokutana na kupandana, akakosa njia ya kutokea. Tukaiona Alexandria ikibaki kule upande wa pili. Akasema, "Lakini tumeiona, Shangazi."

Hata Jacqueline, mwanamke ninayemtegemea kwa busara, nilipomweleza yote hayo jikoni alitafakari kidogo akasema, "Ee mama, point moja njo kitu kidogo, lakini ni kitu." Nilimnyang'anya kikombe cha chai.

Naomba ufikirie kazi yangu. Ninatunza wazee. Nina mzee mmoja ambaye lazima nimlishe uji kwa kijiko. Nikikosa mdomo wake nikamwagia kidevuni, hakuna anayenipungia bendera. Napewa shati la kufua. Na wewe ulipofanyiwa upasuaji wa goti, je, ungependa daktari akose kidogo tu?

3. Historia yenu wenyewe inawashitaki

Ni wewe uliyetusimulia historia ya mchezo huu wakati nyama ikiwa bado jikoni, ingawa sikumbuki nani alikuomba. Ulisema mwaka 1858 mcheza kriketi mmoja wa Melbourne, Tom Wills, aliandika barua gazetini akitaka ianzishwe klabu ya mpira ili wacheza kriketi wasilegee wakati wa baridi. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wachache wakakaa hotelini wakaandika sheria. Mimi sikuamini. Nikaenda maktaba hapa Manassas, nikamsumbua dada wa pale dirishani, nikasoma. Kumbe ulikuwa unasema kweli, jambo ambalo limenishangaza.

Sasa sikiliza. Kama mchezo wenyewe ulianza kwa barua, basi barua ina mamlaka juu yake. Hii uliyoishika mkononi ina uzito uleule. Kama Bwana Wills aliweza kuwaanzishia kwa kalamu, mimi nashindwaje kuwarekebishia?

Nikaendelea kusoma. Mwaka huohuo wa 1858 shule mbili za Melbourne zilicheza, wachezaji arobaini kila upande, wakaendelea kwa Jumamosi tatu, na mwisho wake bao moja kwa moja. Watu themanini, Jumamosi tatu, mabao mawili. Mimi sijasoma popote kwamba kuna aliyeomba apewe kitu kwa kukaribia. Walikwenda nyumbani wamechafuka, wakanyamaza.

Na kwa miaka karibu arobaini baada ya sheria zile, kukosa kulibaki kukosa. Waliandika kwenye kumbukumbu kwamba fulani amekosa mara kadhaa, lakini hawakuhesabu kwenye ushindi. Mpaka ulipofika mwaka 1897, ligi mpya ya Victoria ikaamua bao liwe sita na kukosa kuwe moja. Nimejaribu kumtafuta mtu aliyetoa wazo hilo nisimpate. Nashuku alikuwa bwana harusi.

4. Fainali zilizoharibika

Hapa naomba ukae, kama goti linaruhusu.

Mwaka 1948, kwenye fainali ya ligi hiyo, Essendon walifunga mabao saba na kukosa mara ishirini na saba. Ishirini na saba! Melbourne walifunga kumi na kukosa tisa. Ukijumlisha kwa hesabu zenu ni sitini na tisa kwa sitini na tisa, sare, wakaambiwa warudi wiki iliyofuata. Mtu anakosa mara ishirini na saba halafu anaambiwa pole, njoo tena. Waliporudi Melbourne wakashinda, kwa hiyo haki ilipatikana, lakini ilikuja imechoka.

Mwaka 1966, St Kilda mabao kumi, Collingwood mabao kumi. Mtu mwenye akili timamu angesema wamelingana. Lakini St Kilda walikuwa wamekosa mara kumi na nne, na Collingwood mara kumi na tatu. Barry Breen wa St Kilda alipiga teke la dakika za mwisho likapita pembeni, na kwa hilo wakabeba kombe, la kwanza na mpaka ninapoandika la pekee. Aliyekosa zaidi ndiye aliyeshinda! Nilisoma ukurasa huo mara tatu pale maktaba, na dada wa dirishani akaniletea maji.

Mwaka 2010 ikawa kinyume. St Kilda walifunga kumi, Collingwood tisa, lakini Collingwood wakakosa kwa wingi mpaka wakalingana. Fainali ikarudiwa na St Kilda wakachapwa vibaya. Mwaka 2018, West Coast na Collingwood mabao kumi na moja kwa kumi na moja, West Coast wakabeba kwa sababu wamekosa zaidi.

Nakiri kwamba kufikia hapo nilikuwa nimeanza kuwahurumia Collingwood. Nikasema hawa watu wananielewa. Nilikuwa hata nimewaweka kwenye maombi yangu ya asubuhi, katikati ya Shiku na shinikizo langu la damu. Kisha nikafika mwaka 2023. Brisbane mabao kumi na matatu, Collingwood kumi na mawili, na Collingwood wakashinda, kwa sababu walikosa mara kumi na nane! Walilia miaka yote hiyo, kumbe walikuwa darasani. Nimewatoa kwenye maombi.

5. Kuhusu kijana wa Kakuma

Kila ninaponung'unika mnanitajia Aliir Aliir, kwamba alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nchini kwangu, akakulia Australia na sasa ni beki mkubwa wa ligi kuu. Mnamtoa kama mtu anavyotoa leseni kwa askari. Nami nasema wazi, nampenda yule mtoto. Shiku alinionyesha kwenye simu akiruka juu ya watu kudaka mpira, nikapiga ukelele mpaka mzee wangu wa kazini akaamka. Mtoto aliyeanzia kambini kufika pale, hilo halina kejeli ndani yake, na Mungu azidi kumwinua.

Lakini ni kwa sababu ya kumtazama ndipo nilipogundua jambo jingine. Dunstan alinieleza kwamba beki wa mchezo huu akibanwa sana langoni mwake, anaweza kuusukuma mpira mwenyewe upite pembeni. Anampa mpinzani wake pointi moja kwa hiari, ili asimpe sita. Nikamwuliza: kwa nini umpe mtu kitu ambacho hakukifanyia kazi? Dunstan akasema, "Wakati mwingine, Shangazi, ndiyo njia ya kuokoa siku." Nikaona ni upuuzi mtupu, nikamwambia ageuze gari.

6. Jambo lenyewe

Sasa nilifikie lenyewe, maana hayo mengine nimeyaandika ili nipate ujasiri.

Nilimpokea Shiku pale uwanja wa ndege wa Dulles akiwa na miaka saba, siku chache baada ya kumzika kaka yangu. Mkewe alikuwa ametangulia. Alikuja mkononi mwa mhudumu wa ndege, begi kubwa kuliko yeye, mabega yamekunjamana kama anayeogopa dari imwangukie. Kuanzia siku hiyo nimeyatazama mabega yale. Nayajua kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Najua Shiku akinyamaza kwa hasira yukoje, akinyamaza kwa njaa yukoje, na akinyamaza kwa sababu amemkumbuka baba yake yukoje. Ni ukimya wa aina tatu na hakuna unaofanana na mwenzake.

Dunstan anataka kumchukua ampeleke Beltsville, upande wa pili wa mto, kwenye nyumba ambayo sitasikia mlango ukifunguka. Ninaogopa, Ndugu Mwenyekiti, na sioni aibu kuliandika. Mwanamume asiyemjua mke wake akiwa amefunikwa, atamjuaje akiwa amenyamaza? Atakosa kidogo, atanyoosha kidole, atafikiri amefanya vizuri. Na mtoto wangu atakaa pale na yule mwanamume mwenye pointi moja maisha yake yote.

Mimi sihitaji pointi ya kukosa. Mfunikeni Shiku leso kumi, zimeni taa, mchanganyeni na wanawake wa kanisa zima, nitamtoa kwa kumtazama mara moja. Anayempenda mtu hakosi. Hiyo ndiyo sheria ninayoijua, na haijawahi kuandikwa hotelini na wacheza kriketi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani kama ninaomba makubwa:

(a) Klabu yako iwaandikie wakuu wa mchezo huu kule Melbourne kuwataka waifute pointi ya kukosa kuanzia msimu huu, na waombe radhi tangu 1897.

(b) Fainali zote zihesabiwe upya kwa mabao tu. Brisbane wapewe kombe lao la 2023. St Kilda wapewe la 2010, ili isionekane nina chuki nao.

(c) Fainali za 1966 na 2018, ambazo kwa hesabu ya kweli ni sare, zirudiwe kama zile nyingine zilivyorudiwa. Kwa hiyo ya 1966 najua wachezaji wamezeeka na wengine hawapo. Waliobaki watembee polepole, na waliotangulia wawakilishwe na wajukuu. Mimi na wenzangu wa kazi tuko tayari kwenda kuwasukuma wale wa viti vya magurudumu. Tuna uzoefu.

(d) Jumamosi hii, kwenye kiwanja chenu cha mazoezi Springfield, wanawake wafunikwe tena, safari hii kutoka pande zote mbili, ili mtu asiseme nimepanga. Nitatangulia mimi. Nitamwonyesha Dunstan jinsi mtu anavyomtambua mtu wake. Kisha atajaribu yeye. Kusiwe na bendera, kusiwe na vidole, na Kiprotich akaguliwe mifuko kama ana mkasi. Dunstan akikosa tena, Shiku anabaki Manassas, na mahari mtakuja kuibeba wenyewe, pamoja na yule mbuzi mmoja mnayemwita wa mfano, eti anasimama badala ya kundi zima.

Nimemaliza, ingawa hasira haijaisha. Msalimie Flaviana, mwambie bakuli lake la pilau liko kwangu, nimeliosha. Msalimie Ochieng, ajifunze kuhesabu kabla ya kuingia. Msalimie Kiprotich kwa mbali. Msalimie Adela, na mwambie aje kwangu nimpe koti zito, Moshi si Virginia. Dunstan usimsalimie. Nitamsalimia mwenyewe Jumapili akileta sukuma wiki, maana huleta kila Jumapili, na sijui ni kwa nini bado namfungulia mlango.

Ni mimi, ambaye sijacheka hata kidogo,
Serah Mumbi
Shangazi

N.B. Jumamosi, maegeshoni.

Naandika haya nyuma ya ukurasa nikiwa ndani ya gari. Barua hii ilikuwa mkobani mwangu mchana kutwa. Nilikuwa nimemtuma Shiku akueleze ombi la (d) kwa mdomo, na barua yenyewe nilipanga nikukabidhi baada ya kumfundisha Dunstan adabu. Yaliyotokea uliyaona, lakini uliyaona kutoka upande wako. Acha nikueleze ya upande wangu.

Mliwapanga wanawake mbele ya ile milingoti yenu, leso zinapigwa na upepo. Nikatoka mbele, mikono kiunoni. Nilipita mbele yao mara moja tu, kwa majivuno, kwa sababu nilishajua ninachokitafuta. Nilikuwa natafuta yale mabega ya Dulles. Nikayaona mwishoni mwa mstari, yamekunjamana vilevile, moyo ukaniruka. Nikafunua.

"Shikamoo, Shangazi," akasema Adela.

Hakuna aliyecheka. Afadhali mngecheka. Shiku alikuwa wa tatu kutoka kushoto, amesimama wima, shingo juu, kama mwanamke mwenye nyumba yake, nami nilikuwa nimempita kama mtu nisiyemjua. Nimeishi naye miaka ishirini na sijui ni lini mabega yale yalinyooka. Machozi yalinitoka, naandika wazi kwa kuwa mliyaona wote. Nilisimama pale na leso ya watu mkononi, na kwa sheria yangu mwenyewe ya namba sita, mimi simpendi mtoto wangu.

Ndipo nikamwona Dunstan. Alikuja mpaka mbele yangu, akanyoosha kidole kimoja, taratibu kabisa, kama anavyofanya mwamuzi wenu wa pale golini, na hakutabasamu. Nawe ukachomoa kibendera, ingawa nilikuwa nimekikataza.

"Tata amepata one point!" Shiku akapiga kelele kutoka chini ya leso, akaangua kile kicheko chake cha kukoroma, na hapo hata kipofu angejua yuko wapi. Dunstan akaenda moja kwa moja akamfunua. Najua hakumtafuta, alisaidiwa. Sikukata rufaa. Umeniona nikinyoosha vidole vyote viwili.

Basi futa namba moja mpaka sita. Waache wazee wa 1966 wapumzike, na Collingwood nimewarudisha kwenye maombi. Ujumbe uje Manassas Jumamosi ijayo, na mje na blanketi zima. Adela aje mapema, nimeshamtafutia koti.

Matokeo ya leo ni sita kwa moja. Hiyo moja ni yangu, na naomba mtu yeyote asiiguse.